Stuli Isiyokalika

Ukitaka kumuudhi Bwana Sponji, mwambie akae. Mtanie kipara chake, mwambie timu yake haijui mpira, atacheka na wewe mpaka machozi. Ila mwambie kaa, uone atakavyokutolea macho. Na ana haki yake. Mtu katengeneza makochi tangu ndevu hazijamwota, nusu ya mtaa wanakalia kazi ya mikono yake, halafu neno pekee analolisikia kutoka asubuhi mpaka jioni likawa hilo hilo. Kaa, baba. Kaa, jirani. Usihangaike, utajiumiza bure, kaa.

Mambo yaliharibika kwenye ngazi. Alikuwa anapandisha kochi la watu watatu ghorofani, yeye chini, mwenye kochi juu. Mwenye kochi alikataa katakata kutafuta wabebaji, akajitia ubabe, na walipofika kwenye kona viganja vikamtoka jasho, akaachia. Kochi zima likamshukia fundi wa watu. Mifupa iliunga, ni kweli; daktari alimwonyesha picha, akamwambia hapa pamepona na hapa pamepona. Lakini maumivu hayakuwa yameiona hiyo picha. Yalibaki kiunoni, yakashuka mguuni yakipenda, leo yamelala, kesho yameamka na hasira za mwaka juzi. Watu wakimuuliza panauma wapi, alikuwa akiwajibu waulize pasipouma, watamaliza haraka.

Nyumbani walimpenda, na mapenzi yenyewe ndiyo yaliyommaliza. Kochi alilolikalia alikuwa amelitengeneza zamani kwa ajili ya mkewe, ambaye ni mpishi wa shule na kutwa nzima husimama mbele ya masufuria makubwa. Alitaka mke wake akirudi apate mahali pa kunyooshea miguu. Sasa mke alirudi na miguu iliyovimba, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na kochi likawa la mgonjwa. Pembeni wakampangia kila kitu: maji, redio, dawa, miwani, hata kijiti cha kujikunia mgongo. Hakuwa na sababu ya kunyanyuka hata kufukuza nzi. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine, sponji ikabonyea ikachukua umbo lake. Yeye aliyeipasua na kuijaza kwa mikono yake alijua vizuri sana sponji ya namna ile inabonyea baada ya muda gani.

Karakana yake iko mwisho wa mtaa. Ukitoka kwao unapita bomba la maji, unampita kinyozi, unapita duka la dawa, kisha mashine ya kusaga, halafu mlango wa buluu, umefika. Mwenye miguu yake anafika hapo na kurudi, akaikuta chai yake bado ina moto. Kwa Bwana Sponji ilikuwa nchi nyingine. Alijaribu pikipiki mara moja, na kila shimo la barabara likamrudisha kwenye ile ngazi. Akaapa hapandi tena. Binti yake ndiye aliyeufungua mlango wa buluu kila siku. Binti anajua kukata kitambaa na kushona, tena vizuri, lakini kufunga springi na kuunga mbao za ndani ulikuwa mkono wa baba yake, na wateja walishaanza kuiona tofauti.

Jioni moja mkewe, huku anachambua mchele, akamweleza bila kumtazama. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amekuja kuiangalia karakana. Kapima mlango kwa tepu, kasifia mwanga, kauliza kama cherehani zile mbili nazo zinaachwa. Binti hawezi kuendelea peke yake. Kwa hiyo wasubiri mpaka shule zifungwe. Ikiwa hadi hapo baba hajaweza kufika kazini kwa miguu yake, chumba aachiwe huyo fundi, na binti atafute pa kuajiriwa. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu aliyelifikiria jambo mpaka limemchosha. Bwana Sponji akaitikia sawa, akaongeza sauti ya redio. Aliumia, na safari hii hakikuwa kiuno.

Ndipo akakubali kurudi hospitali, mahali alipokuwa amesusa kwenda. Akapokelewa na dada wa mazoezi ya viungo, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole na roho ya askari. Hakumpa dawa mpya. Alimwambia atembee. Kidogo, kila siku, siku ya nafuu na siku ya maumivu. Asijimalize ile ya nafuu, asijilaze ile ya maumivu. Tena akampa sharti la ajabu, kwamba ageuke kurudi akiwa bado anatamani kwenda mbele. Akisubiri aumie ndipo ageuke, atakuwa amechelewa. Bwana Sponji alimsikiliza kwa adabu zote, na moyoni akasema huyu mtoto hajazaliwa mimi nabeba makochi.

Basi siku ya nafuu ikaja. Aliamka mwepesi, akavaa shati la kutokea, akatoka bila kumuaga mtu. Akalipita bomba, akafika kwa kinyozi kama shujaa anayetoka vitani. Kinyozi, rafiki yake wa siku nyingi na mtu asiyejua kunong'ona, akazima mashine mteja akiwa na nusu kichwa, akamshangilia. Wakapiga soga za miaka yote ile, Bwana Sponji kajibanza kwenye benchi la ubao, hataki kuondoka. Kurudi nyumbani alirudi kwa kushika kuta. Alilala siku kadhaa hata kugeuka hawezi, na mkewe akawa anamlisha kwa kijiko.

Mtu mwingine angejifunza. Naye alijifunza, ila somo silo. Alipokuwa amelala pale akitazama dari, aliifikiria safari yake kifundi, akakata shauri kwamba kosa si lake wala si la kiuno. Kosa ni la lile benchi la kinyozi. Mtu kama yeye anahitaji pa kupumzikia njiani, na pa kupumzikia penyewe pawe na hadhi. Akamwagiza binti amletee vipande vya mbao, springi na masalia ya mahameli nyekundu.

Jamani, ile stuli. Mtaa mzima ulikuja kuishangaa barazani. Alitia springi, juu yake sponji ngumu, juu yake sponji laini, akavuta mahameli mpaka haina hata mkunjo mmoja, akapigilia vifungo vya kudumbukia, vile vya makochi ya wakubwa. Watu wakaikalia kwa zamu wakifumba macho. Wakasema mkono haujapotea, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bwana Sponji alivimba kichwa, na mgema akisifiwa mnajua yanayofuata.

Stuli ikawekwa kwa kinyozi. Fundi akaifuata taratibu, akaikalia, na hapo ndipo alipokwisha. Ilikuwa nzuri mno. Ilimpokea, ikamkumbatia kiuno, ikamwambia tulia baba, unaenda wapi. Akatulia. Jua likapanda, likafika utosini, yeye yupo tu. Alipotaka kunyanyuka, mgongo ulikuwa umefunga kama kufuli lenye kutu. Wakamvuta huku, wakamsukuma kule, wapi. Mwishowe wakaazima mkokoteni wa mashine ya kusaga, wakamlaza chali kati ya magunia, akarudishwa kwao akitazama mawingu, akiwa mweupe kwa unga. Njia nzima watu walimpa pole, na ilimbidi aitikie moja moja, maana kulala kwenye mkokoteni hakumwondolei mtu adabu. Kinyozi alibaki na stuli nyekundu, na tangu siku hiyo wateja wakawa wanaigombania.

Jioni mkewe alimkuta kwenye kochi, hajajikung'uta hata unga. Alishasimuliwa tangu kwenye bomba. Bwana Sponji alingoja kufokewa; alikuwa na majibu yake tayari. Mke hakufoka. Alichukua kanga yake akamfuta unga usoni, akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa akiwa amemwelekea.

"Mume wangu," akasema, "mimi sikuolewa na kochi. Niliolewa na mtu anayekwenda na kurudi. Nilikuwa nikikusikia mlangoni nikajua siku imeisha. Sasa ni mwaka wa tatu siku yangu haiishi."

Akapangusa macho kwa ile ile kanga yenye unga, akaenda kuwasha jiko.

Bwana Sponji alikaa na maneno yale usiku na mchana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anakosekana. Walikuwa wakimwambia anaumwa, anaonewa huruma, anaombewa. Kukosekana ni jambo jingine, tena kukosekana huku yupo, kakaa katikati ya chumba. Akamkumbuka na yule dada wa mazoezi. Ageuke akiwa bado anatamani kwenda. Sasa atageukaje mtu aliyekalia springi na mahameli? Kiti chochote kizuri kinamnyima mtu hamu ya kuondoka, hiyo ndiyo kazi yake, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Asubuhi akamwambia binti amletee ubao mmoja mgumu, usiopigwa randa vizuri, na miguu minne mirefu. Binti akauliza sponji ya kiasi gani. Hakuna sponji. Kitambaa je? Hakuna kitambaa. Akamtazama baba yake kama mtu anayepima homa kwa macho. Mzee akapigilia misumari mwenyewe, amesimama, ameegemea nguzo ya baraza, na miguu ya mbele akaikata iwe mifupi kuliko ya nyuma, ili ubao uiname. Ukikalia, unaporomoka. Huwezi kuegemea, huwezi kujisahau. Unapumua, unashukuru, na stuli inakuambia haya, umeshapumzika, nenda. Wanagenzi wote aliowahi kuwafokea kwa kazi mbovu wangeiona stuli ile wangedai waombwe radhi. Aliipachika msumari wa mwisho huku roho inamuuma kikweli.

Ikawekwa kwenye bomba. Hapo tu, karibu na kwao kiasi kwamba mkewe angeweza kumwita kutoka dirishani. Alikwenda, akakaa, ikamfukuza, akarudi. Kesho yake vile vile. Ilikuwa ni aibu ndogo ya kila siku, mtu mzima na shati lake kutembea hadi bombani na kurudi mikono mitupu, hana hata ndoo. Wanawake wa foleni ya maji wakaanza kumuuliza kama amekuja kukagua presha ya maji. Siku ya nafuu miguu ilimsihi aendelee mbele, kwa kinyozi si pale tu, na yeye akageuka huku anasonya. Siku ya maumivu alitoka akiwa amekunja uso, akaenda mwendo wa kinyonga, akarudi, akalala, lakini alikuwa ameenda. Na tafadhali, kama unampenda, usimwambie pole pole ndio mwendo. Ameshaambiwa na kila mwenye mdomo, na mmoja aliyemwambia alikuwa juu ya pikipiki.

Maumivu hayakuondoka. Nisikudanganye, kwa sababu na yeye hapendi wanaodanganya. Kilichobadilika ni kwamba yalikoma kumtolea amri. Zamani yakibisha hodi, alikuwa anafunga siku nzima na kuyapisha. Sasa yalibisha, akayaambia ngojeni nirudi kutoka bombani. Baada ya muda akamwagiza binti aisogeze stuli mlango mmoja mbele. Kisha mmoja tena. Ilipofika kwa kinyozi, kinyozi aliijaribu, akateleza nusura apige magoti, akauliza hiki kitu kimetengenezewa adui gani. Ndani kwa kinyozi, ile ya mahameli nyekundu ilikuwa na watu muda wote, huipati hata kwa dawa. Ile mbovu ilikaa nje peke yake, hakuna anayeigusa, na kila Bwana Sponji alipofika aliikuta inamngoja.

Mpaka siku alipoikuta ina mtu. Ilikuwa imeshafika kwenye duka la dawa, na juu yake alikuwa bibi mmoja wa nyumba ya kona, ambaye mtaani wanamwita Bibi Magoti kwa sababu akikusalimia huanza na habari za magoti yake. Bwana Sponji alijiandaa kuomba radhi kwa ubovu wa kiti. Bibi akamwahi. Akamwambia ametafuta kiti kama hiki tangu mumewe yu hai. Viti vyote vya nyumbani kwake akikaa havimwachi, mpaka aite mjukuu amvute. Hiki kinamsimamisha chenyewe. Akasimama kumwonyesha, akakaa, akasimama tena, mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Kisha akataka kujua nani fundi wake, maana na yeye anakitaka cha kwake, na shoga yake pia atakitaka.

Bwana Sponji akajibu kwamba fundi ni yeye, na kwamba kazi zote zinapokelewa kule karakana, mlango wa buluu. Akajisikia akilisema hilo, na njia nzima ya kurudi kwao akawa anageuka kuutazama mlango wa buluu. Alikuwa ameahidi kazi mahali ambapo hajafika.

Shule zikawa zinakaribia kufungwa. Yule fundi wa mtaa wa pili akapita tena, safari hii na mwenzake wa kubeba. Stuli ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, na hapo ikagoma, kwa sababu wiki ile maumivu yalikuja na ukoo wao wote. Siku tatu Bwana Sponji hakuvuka duka la dawa, na ya nne akaamka bila nafuu yoyote, akavaa lile shati la kutokea, akaondoka. Hakuwa na sababu nzuri. Alikuwa na kazi ya Bibi Magoti, basi.

Akapita bomba, wakamsalimia. Akampita kinyozi, kinyozi akainua mkono wenye wembe na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupiga kelele. Akapita duka la dawa. Mguu ulikuwa unawaka, anauburuza kidogo, anajiambia nitapumua kwenye stuli, hapo kwenye mashine, si mbali. Alipofika kwenye mashine, amekaa nani? Bibi Magoti, na furushi lake la unga miguuni. Bibi kumwona vile, jasho linamtiririka, akaanza kujinyanyua.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kaa hapa upumzike."

Neno lile lile. Bwana Sponji alisimama akiwa ameshika ukuta wa mashine, unatetemeka pamoja naye, na akashangaa kwamba hakukasirika. Mara hii kulikuwa na jibu.

"Kaa wewe, mama," akasema. "Mimi nawahi kazini."

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Binti alikuwa ameinama akipiga springi zisizotaka kukaa sawa, akainua kichwa, akamwona baba yake mlangoni amesimama bila mtu wa kumshika. Hakupiga kelele, hakukimbia kumletea kiti, alishajifunza. Alifuta macho kwa mkono wa gauni, akampa kamba na koleo. Mzee akafunga springi ya kwanza, ya pili, na vidole vilikumbuka kila kitu, vikafunga kama vile jana tu vililala hapo. Kazi ikamnogea. Alitamani amalize kochi zima. Akaweka koleo chini, akamwambia binti kwamba yatosha kwa leo, wamtengee mbao za Bibi Magoti, kesho anakuja. Binti akabaki mdomo wazi, kwa sababu hajawahi kumwona baba yake akiacha kazi katikati.

Kurudi kulichukua muda wake. Siku zote zile alikuwa akiwaza kufika tu, akasahau kwamba njia ina pande mbili. Alisimama kila mahali, akakalia stuli yake, ikamfukuza, akaenda. Jua lilikuwa limeshapungua makali alipoushika mlango wa nyumbani, na mlango ukalia kama ulivyokuwa ukilia zamani.

Ndani, mkewe alikuwa amelala kwenye kochi. Alikuwa amerudi kutoka shule akalikuta tupu, akaita, akatazama uani, kisha akakaa kungoja, na usingizi ukamchukua akiwa na aproni yake ya jikoni na miguu imenyooshwa juu ya mto. Aliusikia mlio wa mlango kabla ya kufumbua macho. Akamtazama mumewe aliyesimama pale na jasho lake, kakunja kiuno, shati lina alama ya gundi.

"Unatoka wapi?" akamuuliza.

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza.

"Kazini," akasema Bwana Sponji.

Mkewe akaikusanya miguu yake taratibu, akamsogezea nafasi, akapiga kochi kwa kiganja akimwonyesha mahali. Akamwambia akae, naye akakaa.